Jeni, Siyo Jini: Tuliyojifunza Kwenye Uvimbe wa Kaka Yetu



Nimechelewa kuandika haya. Kaka yetu mkubwa alifanyiwa operesheni ya utumbo mwezi wa Februari 2023, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa kwenye darsa, harusini na sokoni: "Kaka yenu anaendeleaje? Ile kansa imesambaa?" Mimi hujibu kwa kifupi, "Alhamdulillahi, anaendelea vizuri," kisha nabadilisha mazungumzo. Kaka mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Wewe si ni mwalimu? Andika. Jina langu tu usilitaje." Basi jina sitalitaja, ingawa hapa Buyenzi wengi wenu mtakuwa mmeshamjua kabla hamjafika aya ya tatu.

Kaka ni fundi magari. Kwa wasioijua Bujumbura, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili na wa magereji, na kaka amekulia chini ya magari tangu utoto. Mwaka 2022 alikuwa na miaka 42. Akaanza kuchoka. Mtu aliyekuwa akibeba giaboksi peke yake akawa anakaa kitako kupumzika baada ya kufungua nati za gurudumu moja. Sisi tukasema ni malaria. Alimeza dawa za malaria mara tatu katika miezi minne, na mara mbili kati ya hizo hata hakupima. Walipopima damu wakasema ni pungufu, wakampa vidonge vya madini ya chuma. Damu ikapanda kidogo, ikashuka tena. Hakuna kati yetu aliyeuliza swali moja jepesi: damu ya mwanamume wa miaka 42, ambaye hana jeraha lolote, inakwenda wapi?

Ilikuwa ikitoka utumboni, kidogo kidogo, imechanganyika na choo hata yeye mwenyewe asiione. Uvimbe ulikuwa upande wa kulia, mwanzoni mwa utumbo mpana, mahali ambapo choo bado ni majimaji na hupita bila kuziba. Ndiyo maana hakuwa na maumivu makali. Daktari mmoja kijana ndiye aliyemlaza kitandani akamminya tumbo taratibu, na mkono wake ukasimama pale pale upande wa kulia.

Akaandikiwa kipimo cha kolonoskopi, yaani kamera ndogo kwenye mpira mwembamba, inayopitishwa njia ya haja kubwa. Kaka alikataa mara mbili. Mara ya tatu mama yetu aliacha cherehani yake, akaenda hadi gereji, akamwambia mbele ya vijana wake wa kazi: "Mimi nilikuzaa mbele ya watu wanne. Aibu yako wewe ni ipi?" Akaenda.

Vitanda viwili

Ndugu msomaji, sehemu hii ndiyo iliyonifanya nianze kusoma mambo ambayo sikuwahi kudhani yananihusu.

Wodini, kitanda cha pili kutoka kwa kaka, alikuwepo mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki kutoka upande wa Nyanza-Lac. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule, saratani ya utumbo mpana. Uvimbe wa kaka ulikuwa mkubwa, kama chungwa. Wa yule mzee ulikuwa mdogo, kama ndimu. Kwa akili yetu sisi, mwenye chungwa ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Ikawa kinyume. Wa mzee ulikuwa umekwishafika kwenye ini. Wa kaka ulikuwa haujatoka mahali pake: daktari mpasuaji alitoa pamoja na utumbo tezi 19 ndogo zile zinazochuja maji ya mwili, na zote zilikutwa safi.

Nilimuuliza daktari, imekuwaje? Akanionyesha mstari mmoja kwenye ripoti ya maabara. Uliandikwa kwa Kifaransa, na maana yake ilikuwa kwamba ndani ya uvimbe na kwenye ukingo wake kulionekana limfosaiti nyingi sana. Mtoto wa yule mzee, ambaye tulikuwa tumeshazoeana kwa kugawana chai na mandazi, akatoa ripoti ya baba yake. Ya kwake ilisema limfosaiti ni chache, nazo zimesimama nje ya ukingo.

Daktari akasema, "Si ukubwa peke yake. Ni nani waliomo ndani, na nani waliobaki nje."

Wiki mbili baadaye akatuambia kwamba kaka hatapewa dawa za kansa zile za kutundikiwa. Nyumbani kukawaka moto. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba yetu, alisema waziwazi: "Wameona hatuna pesa, wamemkatia tamaa." Mimi mwenyewe nililala nikiamini hivyo. Asubuhi nikampigia simu binti yake baba mdogo, dada yetu, ambaye ni muuguzi Brussels. Aliomba kitu kimoja: kipande cha ule uvimbe kilichohifadhiwa ndani ya nta. Hospitali ikatupatia. Kikasafiri na ndugu aliyekuwa akirudi Ubelgiji, kimefungwa kwenye leso, ndani ya kopo la majani ya chai.

Uvimbe una majirani

Wakati tukisubiri majibu, dada alikuwa akinieleza kwa simu, nami nikawa nasoma. Nayaandika haya kama mwalimu wa shule ya msingi, siyo kama daktari.

Sisi hudhani uvimbe wa saratani ni donge la chembe mbaya tupu. Sivyo. Ndani yake mna mishipa ya damu, mna nyuzi zinazoshikilia nyama, na mna chembe za kinga za mwili za kila aina. Baadhi ya chembe hizo zinapigana. Baadhi zimechoka na kulala. Nyingine, hasa zile chembe kubwa ambazo kazi yake ni kumeza uchafu, hugeuzwa zikawa zinaulisha uvimbe na kuuotesha mishipa mipya. Uvimbe nao hutoa kemikali za kuwatuliza askari, na hujijengea nyuzi kama ua wa kuwazuia wasiingie. Wanaofanya utafiti huyaita yote haya mazingira ya uvimbe.

Askari wanaotafutwa zaidi huitwa limfosaiti T. Kila mmoja amefunzwa kutambua alama yake moja, na akiikuta kwenye chembe huiua ile chembe. Wengine hubaki na kumbukumbu kwa miaka.

Mwaka 2005 watafiti wa Paris, wakiwemo Franck Pagès na Jérôme Galon, walichapisha matokeo ya kuchunguza vivimbe 959 vya utumbo mpana vilivyokatwa kwa upasuaji. Waliangalia dalili za mwanzo kabisa za kusambaa, yaani chembe za saratani kuonekana ndani ya vijishipa vya damu, vya limfu au kando ya neva. Vivimbe visivyokuwa na dalili hizo vilikuwa na askari wengi zaidi, hasa wale wa kumbukumbu, na wagonjwa wake waliishi muda mrefu zaidi. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba aina ya chembe za kinga, wingi wake, na mahali zilipo, katikati ya uvimbe na ukingoni, vinaweza kueleza mwisho wa mgonjwa vizuri hata kuliko vipimo vya kawaida vya hatua ya ugonjwa. Mwaka 2018 jambo hilo lilithibitishwa kwa wagonjwa 2,681 kutoka nchi 13.

Sasa, kusambaa kunatokeaje? Chembe hujitenga na uvimbe, hupenya ukingo, huingia kwenye mshipa. Damu yote inayotoka utumboni hupita kwanza kwenye ini, kwa mshipa mmoja mkubwa. Ndiyo maana saratani ya utumbo mara nyingi huanza kuonekana hapo. Tena ini limezoeshwa uvumilivu: kila siku linapokea vitu vigeni kutoka kwenye chakula, na lingekuwa linapigana na kila kigeni, mtu asingeweza kula. Uvumilivu huo huo huwapa nafasi wageni wabaya. Daktari Mwingereza Stephen Paget aliandika mwaka 1889 kwamba saratani inayosambaa ni kama mbegu, haiwezi kuota isipokuwa kwenye udongo unaoifaa. Kila aliyewahi kulima mpunga kwenye bonde la Rusizi ataelewa maneno hayo bila kufafanuliwa.

Chembe nyingi zinazotoroka hufa njiani. Lakini pale ambapo askari wako wengi tangu nyumbani, zinazotoroka huwa chache, na askari wa kumbukumbu nao huzunguka mwilini. Kwa kaka yetu ulinzi ulikuwa umewekwa kabla sisi hatujajua kwamba kuna vita.

Majibu ya Brussels

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Ikabidi tuulize swali jingine: kwa nini askari walijaa kwake, wasijae kwa yule mzee?

Nitaeleza kwa mfano wa darasani. Kila chembe ya mwili ikigawanyika, inanakili maandishi yake yote ya urithi, kama mwanafunzi anavyonakili ubaoni. Makosa hayakosi. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya chembe wasahihishaji, protini zinazopita nyuma na kurekebisha. Maabara hupima nne kati yake. Kwenye uvimbe wa kaka mbili zilikuwa hazipo, zile zinazoitwa MSH2 na MSH6. Madaftari hayakuwa yakisahihishwa. Makosa yakarundikana kwa maelfu, na makosa hayo yakazaa vipande vya protini vigeni ambavyo mwili haujawahi kuviona. Askari wakaviona. Wakaja kwa wingi.

Yaani kile kilichoiharibu chembe ndicho kilichoifanya ionekane.

Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya utumbo mpana, karibu 15 huwa na alama hii ya kukosa usahihishaji. Lakini ukiwachukua wale tu ambao ugonjwa umekwishasambaa mbali, ni 4 au 5 kati ya 100. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba vivimbe vya namna hii havisambai kirahisi. Na mgonjwa wa hatua ya pili mwenye alama hii, kama kaka, hafaidiki na ile dawa ya kawaida ya fluorourasili ikitolewa peke yake. Kumbe daktari wetu hakuwa amekata tamaa. Alikuwa amekisia sawasawa kutokana na ule mstari mmoja, na Brussels wakathibitisha.

Tulifurahi. Mama alipika pilau. Baba mdogo alikuja akala, akasema yeye alijua tangu mwanzo.

Usiku ule ule dada akapiga simu tena, akaomba azungumze na mimi peke yangu. Akaniuliza: "Baba mkubwa alifariki na nini hasa?"

Swali ambalo hatukutaka kuulizwa

Dada alieleza hivi. Watu wengi wenye alama hii wameipata uzeeni, ndani ya uvimbe tu, na haihusiani na ukoo. Lakini mwanamume wa miaka 42, aliyekosa MSH2 na MSH6, lazima aulizwe kuhusu wazazi wake. Huenda kosa hilo amezaliwa nalo.

Baba yetu alifariki mwaka 1997, wakati wa vikwazo, dawa hazikuwepo mjini. Alikuwa na miaka 45. Alikonda, tumbo likajaa, akafa. Baba yake, babu yetu, alifia Uvira kwa tumbo hilo hilo akiwa hajafika miaka 50. Shangazi yetu alifariki mwaka 2003 kwa saratani ya mji wa mimba. Alikuwa akitokwa na damu muda mrefu baada ya kukoma hedhi, akaficha.

Ndugu zangu, sisi jambo hili tulikuwa na jibu lake tangu 1997, na hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Baba alikuwa na mke wa pili. Alipougua, mama mdogo ndiye aliyekuwa akimpikia. Watu wazima wa ukoo wakakaa, wakahesabu vifo, wakasema huyu mwanamke ana mkono. Hakupigwa, lakini hakuna aliyekula tena kwake. Hata arobaini haikwisha, akachukua mwanawe wa miaka miwili akarudi kwao Rumonge. Mimi nilikuwa na miaka 12. Nakumbuka nilimwona akifunga mafurushi, sikumsalimu.

Damu ya kaka ikapelekwa Brussels, safari hii kwenye tyubu. Majibu yalipokuja niliyasoma kwa sauti barazani: kaka amezaliwa na kasoro kwenye jeni ya MSH2. Mama akashika kifua. "Jini? Wamemkuta na jini?"

"Jeni, mama. Siyo jini. Jeni ni urithi, kama vile sote tulivyorithi paji la uso la baba."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Basi yule mwenzangu hakufanya kitu."

Hali hii inaitwa sindromu ya Lynch, kwa jina la Henry Lynch, daktari wa Marekani aliyeifuatilia kwenye familia mbalimbali tangu miaka ya 1960. Lakini aliyeianzisha habari yenyewe ni fundi cherehani. Mwaka 1895, huko Ann Arbor, Michigan, mwanamke mshonaji alimwambia profesa Aldred Warthin kwamba anatazamia kufa mapema kwa saratani ya utumbo au ya kizazi, kwa sababu ndiyo inayoua watu wa kwao. Warthin hakumcheka. Aliandika ukoo wake wote na kuuchapisha mwaka 1913. Mwanamke yule alikufa kweli kwa saratani ya mji wa mimba. Mama yetu, naye mshonaji, aliniomba nimsimulie kisa hicho mara mbili.

Mtu mwenye kasoro hii humrithisha kila mtoto wake kwa nafasi ya nusu kwa nusu, wa kiume na wa kike sawa. Siyo hukumu ya kifo, na si kila mwenye nayo hupata saratani. Lakini hatari yake ni kubwa kuliko ya watu wengine, hasa ya utumbo mpana na ya mji wa mimba.

Safari ya Rumonge

Sasa hesabuni. Sisi kwa mama yetu tuko watano. Wa sita yuko Rumonge. Nusu kwa nusu ile inamhusu yeye kama inavyotuhusu sisi, na hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu.

Baba mdogo alisema tusiende kuchokoza mambo ya zamani. Kaka alisema, "Kama hatuendi, basi safari hii wauaji ni sisi." Tukaenda watatu: kaka, mimi na mama.

Mama mdogo alitupokea kama wageni. Alituletea maji, akatandika mkeka, akakaa mbali kidogo. Kaka alitoa karatasi, akaanza kueleza, sauti ikamkatika. Mama yetu ndiye aliyemaliza, kwa maneno machache, na akaomba radhi. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Nilijua siku moja mtakuja. Sikujua mtakuja na karatasi." Kisha akauliza swali ambalo hatukulitazamia: "Na mwanangu, naye ana hicho kitu?"

Hakusema ametusamehe. Hakusema hajatusamehe. Aliingia jikoni, akapika ugali na mukeke, akaweka sinia mbele yetu, akatutazama. Tulikula sote watatu. Mama alikula mpaka akafuta sinia.

Mdogo wetu wa Rumonge alipimwa. Anayo. Mwaka 2024, akiwa na miaka 29, alifanyiwa kolonoskopi, akakutwa na vinyama viwili utumboni, vikaondolewa siku hiyo hiyo bila operesheni. Vinyama vya namna hiyo ndivyo vinavyoweza kugeuka saratani baadaye. Dada zetu wawili hawana. Kaka yetu mmoja amekataa kupimwa mpaka leo, nasi tunamwombea, na hatumsemi vibaya. Baba mdogo, baada ya kuvimba miezi sita, alikwenda kimya kimya akapima. Hana. Siku aliyopata majibu alipiga simu Rumonge. Walichozungumza sikijui.

Mimi ninayo.

Nina watoto wanne. Kwa sasa siwapimi, kwani hili ni jambo la mtu mzima aamue mwenyewe. Wakifika miaka 20 hivi nitawaambia yote. Mimi ninafanya kolonoskopi kila mwaka mmoja au miwili kama madaktari wanavyoshauri watu wa hali yetu, na daktari wa akina mama ananifuatilia kizazi. Kila nikienda naogopa. Nikirudi napika chai, naendelea na madaftari yangu.

Na kama ungekuwa umesambaa?

Wengi mtauliza hivyo. Zipo dawa ambazo haziui saratani zenyewe, zinafungua breki ambazo uvimbe umewafungia askari. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dawa mojawapo, pembrolizumabu, inafanya kazi kwenye saratani za utumbo zilizosambaa zikiwa na alama hii ya kukosa usahihishaji. Mei 2017 iliidhinishwa Marekani kwa alama hiyo bila kujali kiungo, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla. Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa breki hizo. Mwaka 2022 hospitali moja ya New York ilitoa habari za wagonjwa 12 wa kwanza wenye saratani ya puru yenye alama hii, waliotibiwa kwa dawa nyingine ya namna hiyo, dostarlimabu. Vivimbe vyao wote vilitoweka bila upasuaji.

Lakini nisiwauzie matumaini ya bure. Kwa wale 85 kati ya 100 wasio na alama hii, dawa hizi peke yake mara nyingi hazisaidii, kwa sababu huwezi kufungua breki za askari ambao hawakuingia. Utafiti mwingi unahusu jinsi ya kuwaingiza. Tena ni dawa za bei kubwa mno. Na askari wengi siyo dhamana: kaka bado anapimwa kila miezi sita, na tukisubiri majibu hakuna anayelala.

Yule mzee wa kitanda cha pili alifariki kabla ya Ramadhani ya mwaka 2024. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtoto wake hupita gereji kwa kaka kila akija mjini.

Ninayowaomba

Wazazi wenzangu, nawaomba mambo machache tu.

Upungufu wa damu kwa mwanamume, au kwa mwanamke aliyekoma hedhi, utafutiwe sababu. Vidonge vya chuma pekee havitoshi. Mara nyingi haitakuwa saratani, lakini swali liulizwe.

Damu chooni, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au kukonda bila sababu, visiitwe bawasiri mpaka daktari aseme ni bawasiri. Na mwanamke anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi asifiche kama shangazi yetu.

Mgonjwa akifanyiwa operesheni ya utumbo, ulizeni kama uvimbe umepimwa wasahihishaji wake, na kile kipande cha nta kihifadhiwe. Sisi kilitufaa.

Na kaeni na wazee wenu wangali hai. Chukueni daftari, andikeni nani alifariki, akiwa na umri gani, kwa ugonjwa gani. Andikeni pia upande wa wake wenza na watoto waliohama. Ukoo wetu uliuhesabu msiba wake miaka mingi, ukapata jumla isiyo sahihi, na mwanamke mmoja akailipa miaka 26.

Kaka amerudi kazini. Giaboksi habebi tena, anawaelekeza vijana. Mdogo wetu wa Rumonge amehamia hapa kujifunza ufundi kwake, na siku ya Idi mama yake alikuja kumtembelea. Alileta sufuria la wali na samaki. Tulilimaliza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama wa watoto wanne, Buyenzi